Namna ya kufuga sato bila kumpeleka mtoni: maelezo ya mfugaji wa Kasulu

Bomba la kutolea maji bwawani kwangu ni la inchi 4. Mkono wangu unaingia mpaka kwenye kiwiko, na nimeuingiza mara nyingi: kutoa majani, kutoa vyura, siku moja kutoa nyoka aliyekuwa amelala zake. Watu wakija kujifunza ufugaji wa samaki huniuliza chakula, bei na faida. Mimi nawapeleka kwanza kwenye bomba hilo, maana ndipo sato hutorokea kwenda mtoni. Wengine huona ninawazungusha.

Niko bondeni Kasulu. Chini ya bwawa langu kuna kijito, kijito kinaingia Ruchugi, na Ruchugi inaingia Malagarasi pale Uvinza. Marehemu baba alikuwa mvuvi wa upande wa Nguruka, mtu wa migono na nyavu za kutega kwenye matete. Huko ndiko nilikomjua karomo, ngege wa mabwawa ya asili ya Malagarasi. Mbelgiji mmoja, Max Poll, alipomwandika katika vitabu vya sayansi mwaka 1948 hakumtafutia jina jingine: alimwita karomo vilevile. Leo shirika la uhifadhi la IUCN linamweka katika kundi la viumbe walio hatarini kabisa kutoweka. Hapatikani Rufiji, hapatikani Victoria. Akiisha Malagarasi, ameisha duniani.

Mto wenyewe si wa kawaida. Malagarasi ni mkongwe kuliko ziwa Tanganyika. Zamani maji yake yalikuwa yakienda Kongo, kabla bonde la ziwa halijafunguka na kuukata. Ndiyo maana mpaka leo una samaki wenye ndugu zao Kongo, kama yule wa kujivimbisha tumbo ambaye sisi watoto tulikuwa tukimchokoza kwa kijiti. Mwaka 2000 ardhi oevu ya Malagarasi na Muyovozi ikawa ya kwanza Tanzania kuingizwa katika mkataba wa Ramsar, ule wa kulinda ardhi oevu, eneo la hekta zaidi ya milioni 3, linalogusa Kigoma na Tabora na kupita.

Sasa mimi na sato wangu tunakaa juu ya maji yote hayo. Maporomoko ya Igamba yanaweza kumsumbua samaki anayepanda kutoka ziwani, lakini anayeshuka kutoka Kasulu hana wa kumzuia ila mwenye bwawa.

Ubaya wa sato ni nini

Sato ni samaki mzuri. Ananilipia ada za wajukuu, simsemi vibaya. Shida ni kwamba akifika kwa wenzake anafanya mambo mawili. Anakula chakula chao na kuchukua sehemu zao za kutagia, maana anakua haraka na hachagui. La pili, na mimi ndilo linaloniogopesha, anazaa nao. Hawa wote ni ukoo mmoja, Oreochromis, na damu zao zinakubaliana. Kule kusini, mto Limpopo, sato alipoingia alichanganyika na perege wa huko mpaka wakapatikana machotara. Chotara humvui ukamtenga na mama yake. Damu ikishaingia imeingia.

Ukitaka mfano wa karibu, waulize wazee wa Mwanza na Ukerewe habari za ngege na mbiru, samaki wa asili wa ziwa lile. Sato aliletwa ziwa Victoria miaka ya 1950, sangara naye akaletwa miaka hiyohiyo. Leo mtoto wa Mwanza anajua sato ndiye samaki wa kwao tangu enzi. Ngege wa Victoria yuko zaidi kwenye viziwa vidogo vya pembeni.

Utasikia mtu anasema: mbona sato wapo ziwani Tanganyika toka zamani? Ni kweli, upande wa kaskazini, mto Ruzizi, kuna sato wa asili. Lakini Ruzizi si Malagarasi. Ni kama kusema kwa kuwa una shemeji Bujumbura basi kila Mrundi anaweza kulala kitandani kwako.

Kumtambua

Mtazame mkia. Sato ana mistari myembamba iliyosimama wima, imejipanga kutoka shina la mkia mpaka ukingoni, kama kitambaa cha mistari. Ukiona hivyo, ni sato, au ana damu ya sato. Samaki akiwa mdogo sana mistari haijakaa sawasawa, basi usikate shauri kwa kifaranga.

Kuna mgeni wa pili, na huyu huja kwa kujificha. Mweusimweusi, ana madoa madogo meupe kwenye mapezi na ubavuni, mkia wake hauna ile mistari. Wataalamu humwita Oreochromis leucostictus. Naye aliletwa ziwa Victoria kutoka maziwa ya magharibi mwa Uganda miaka hiyo ya 1950, kisha akasambaa na vifaranga vya sato. Hakui kama sato, anazaa tu. Mwaka wangu wa pili nilinunua vifaranga 600 kwa muuzaji aliyeniapia kuwa ni sato madume watupu. Baada ya miezi mitano nusu ya bwawa ilikuwa vijisamaki vyeusi saizi ya kiganja vinavyolea watoto mdomoni. Nilipiga simu, haikupokelewa. Utafiti uliochapishwa 2019 ulikuta sato na huyu mwenye madoa wameenea mabonde mengi ya Tanzania ambayo si kwao, kwa hiyo sikuwa peke yangu niliyeuziwa hivyo, wala wewe hutakuwa wa mwisho. Siku hizi silipi kabla sijamwaga vifaranga kwenye beseni jeupe nikawatazama mmoja mmoja, na walio na shaka nawarudisha palepale.

Mahali pa kuchimba

Sheria ya mazingira ya 2004 inataka shughuli zetu zikae mita 60 kutoka ukingo wa mto. Watu hupima siku ya kiangazi, mto umekonda, wanafurahi. Wewe tafuta mzee wa mtaa akuonyeshe maji yalifika wapi mwaka wa mvua kubwa kuliko zote anazozikumbuka. Pigilia kigingi hapo. Kisha uchimbe juu ya kigingi, hata kama ni kupanda kilima na kulipia mabomba zaidi.

Mimi nilichimba chini ya kigingi. Mwanzoni mwa 2020 mvua ilinyesha siku tatu bila kupumua, kijito kikapanda, kikakutana na maji ya bwawa, na saa 10 alfajiri tuta likaondoka lote kama mkate uliolowa kwenye chai. Nilikuwa nimesimama na tochi. Hakuna la kufanya pale, unatazama tu.

Tuta jipya nililoliinua lina urefu wa nusu mita juu ya maji yanapofika yakijaa, na juu yake mtu na toroli wanapita bila kuogopa, yaani upana wa mita 1 na ushee. Limeshindiliwa kila tabaka la udongo, na limepandwa ukoka. Usipande migomba juu ya tuta. Najua inavutia, lakini mizizi ikioza inaacha vijia, maji yanapita humo, na panya buku nao wanapenda hapo.

Chimba pia mfereji wa kuzunguka upande wa mlimani, ili maji ya mvua yanayoteremka shambani yapite pembeni, yasiingie bwawani. Kazi hiyo ilinichukua siku 4 na vijana 2. Ningeifanya mwanzo, huenda tuta lisingepasuka.

Bomba, sasa

Kifaranga cha sato kikitoka mdomoni mwa mama yake ni kama sentimita 1, kichwa chembamba. Wavu wenye matundu ya milimita 2 kinapita kinacheka. Kwa hiyo unahitaji chujio la matundu ya milimita 1 hivi. Na hapo ndipo shida huanza, maana chujio la namna hiyo huziba kwa majani ya siku moja. Likiziba, maji yanapanda, yanapita juu ya tuta, na samaki wanapita na maji. Nimeona mabwawa mawili yaliyopotea kwa sababu ya chujio zuri lisilosafishwa.

Dawa yake ni kuchuja mara mbili. Mdomo wa bomba ndani ya bwawa niliuvalisha kikapu cha waya wa kuku, kipana kama ndoo ya lita 20, cha kuzuia majani na samaki wakubwa. Nje, bomba linapotokea, nimejenga sanduku la tofali lenye urefu wa mita 1 na upana wa nusu mita. Limejaa kokoto, kubwa chini na ndogo juu, na mwisho wake kuna fremu ya mbao yenye wavu wa matundu madogo. Fremu ziko mbili, zinachomekwa kwenye mfuo kama droo. Nikitaka kusafisha, nachomeka ya pili kwanza ndipo natoa ile chafu. Usitoe moja kabla hujaweka nyingine, hata kama ni dakika 2. Dakika 2 zinawatosha.

Upande wa kuingiza maji usiusahau. Hapo chujio linawazuia samaki wa kijitoni wasiingie bwawani, na linamzuia sato asipande na mkondo. Maji yaanguke kutoka juu, bomba liwe angalau nusu mita kutoka uso wa bwawa.

Kisha weka mlango wa dharura: sehemu ya tuta uliyoishusha kidogo, pana, imesakafiwa kwa mawe, yenye wavu wake. Pana ni muhimu. Maji yakitawanyika yanatembea polepole na wavu unayahimili. Yakibanwa yanasukuma wavu na kuung'oa.

Machujio yakaguliwe kutwa mara moja kiangazi, kutwa mara tatu masika. Mvua ikinyesha usiku, unaamka. Hakuna njia nyingine, ndugu yangu.

Kupunguza uzazi bwawani

Wavu ni ngao ya pili. Ya kwanza ni kutokuwa na vifaranga vya kutoroka.

Vifaranga vya madume vinavyotoka vituoni hutengenezwa kwa chakula chenye homoni wiki 3 au 4 za mwanzo. Kazi hiyo iachie kituo chenye kibali, usijaribu nyumbani. Hata hivyo majike wachache hubaki, kwa hiyo mimi hupitia kwa mkono samaki wakifika gramu 30 hadi 50. Mshike chali, mfute tumbo kwa kitambaa, mpake tone la GV, ile dawa ya zambarau ya vidonda vya mdomoni. Dume utaona matundu mawili: la haja, na jingine kwenye ncha ya kinyama kilichochongoka. Jike ana matatu, la katikati limekaa kama mkato wa kulala. Hapo ndipo mayai hutokea. Samaki 10 wa kwanza utabahatisha. Kufikia wa 100 kidole kinajua kabla ya jicho. Fanya asubuhi, maji yakiwa na ubaridi, na mikono imelowa.

Majike unawafanya nini? Hapa nina la kuungama. Mara ya kwanza kabisa nilipata majike kama 200, wadogo, hai, wanapumua kwenye ndoo. Niliwaonea huruma. Nikawamwaga kijitoni nikijihesabia thawabu. Baba alikuwa bado hai, na nilipomsimulia kwa simu alinyamaza kisha akauliza, "Kwa hiyo umewatuma kwangu?" Siku hizi majike wanakaushwa kwa chumvi ya Uvinza, au wanakwenda kwa kuku.

Msaidizi wangu mwingine ni kambale. Kambale ni mwenyeji wa Malagarasi, hivyo hata akitoroka amerudi kwao, na anakula vitoto vya sato bila kuambiwa. Bwawa langu ni mita 15 kwa 20. Naweka sato 600 na kambale 30. Sato wanatangulia, wakifika upana wa vidole vitatu ndipo kambale wanaingia, tena wawe wadogo kuliko sato. Ukiwaingiza pamoja, au kambale akiwa mkubwa, utavuna kambale mnene mmoja na hasara.

Swali linalokuja kila mara: kwa nini nisifuge ngege wa kwetu, nikaachana na sato? Ni swali zuri, ila "wa kwetu" ni wapi? Ngege wa ziwa Tanganyika ni samaki wa ziwani. Ukimleta Kasulu naye ni mgeni. Na huku juu mtoni kuna mwingine tena, Oreochromis malagarasi, wa bonde hili peke yake. Kumhamisha samaki hai kutoka maji haya kwenda maji yale kunahitaji kibali cha idara ya uvuvi, hata kama wote ni wa mkoa mmoja. Na karomo usimkamate kumpeleka bwawani. Wamebaki wachache mno kwa majaribio ya mtu mmoja mmoja.

Siku ya kuvuna

Samaki hutoroka zaidi siku ya kuvuna kuliko siku ya mvua, kwa sababu kila mtu anafurahi. Mimi huvuna Julai au Agosti, kijito kikiwa chembamba. Tunavuta kokoro mara 3, kisha maji yanashushwa polepole kupitia sanduku la kokoto, kijana mmoja amekaa hapo hapo haendi popote, hata kula analetewa.

Maji yakiisha utaona tope linametameta. Hao ni vifaranga, mamia, kwenye vidimbwi vya nyayo. Usifungulie maji ya kuwasukuma, na usiwaachie mnandi na korongo kazi hiyo. Tandaza chokaa, kilo 10 hadi 15 kwa kila mita 100 za mraba. Kwangu ni kama kilo 30 mpaka 45. Acha bwawa likauke mpaka tope lipasuke nyufa za kuingia kidole, kwa jua la Agosti ni wiki 2. Ukijaza tena, maji ya mwanzo yasitoke nje kwa wiki 2 nyingine, chokaa ipungue ukali. Chokaa mtoni inaua kama sumu yoyote.

Utupa, ule mmea wa sumu ya samaki, usiuguse. Najua bado unamea nyuma ya nyumba za watu, na wazee wetu waliutumia. Unaua wote, mwenyeji na mgeni, na wadudu wao wa kula.

Wakishatoroka

Tuta langu lilipokwenda, asubuhi ile tulishuka na vijana na wavu wa matundu madogo, tukaziba kijito sehemu mbili, mita 100 na mita 300 chini, kwa vigingi na viroba vya mchanga pembeni. Maji yaliposhuka siku ya tatu, yaliacha vidimbwi kwenye mashamba ya mpunga. Vidimbwi ndiyo bahati yako. Tulivikausha kwa ndoo, kimoja baada ya kingine, tukakusanya sato 340 kati ya 600. Ukichelewa wiki, mvua inayofuata inavifungua vyote.

Wakishaingia mto mkubwa huwamalizi. Nyavu zako zitaua karomo kabla ya kumaliza sato. Kinachobaki ni kuvua kwa kuchagua: kagua mitego mapema, mara kwa mara, samaki wakiwa hai. Mwenye mistari mkiani usimrudishe, ni mboga. Karomo mrudishe haraka, mikono imelowa, na usimgeuze kichwa chini. Jike wake naye huatamia mayai mdomoni, akishtuka anayatema, na mayai yaliyotemwa kwenye mtumbwi hayana faida kwa mtu. Ukimshuku chotara, mpige picha ubavuni mkia ukiwa umekunjuliwa, andika tarehe na jina la mahali, umpelekee afisa uvuvi wa wilaya au kituo cha TAFIRI, taasisi ya utafiti wa uvuvi, pale Kigoma. Mimi nimepeleka mara mbili. Na nilipoenda kueleza habari ya tuta langu nilidhani nitapigwa faini. Niliulizwa maswali mengi, nikapewa chai.

Kuna njia moja ya kutoroka ambayo hakuna tofali linaloizuia. Mtoto wa jirani huja na chupa ya maji aliyoikata shingo, amekwisha kuijaza kijitoni, anasema, "Bibi, nipe vitoto vya samaki viwili tu, nivifuge nyumbani." Mama yake ana kisima kilicho wazi kando ya mfereji. Nampa sato wawili waliokaangwa, namfungia kwenye jani la mgomba, na chupa nabaki nayo mimi.